Natafuna barafu kutwa kazini, na kila mtu ananiita jasiri

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38. Kwetu ni Tanga, ila huu ni mwaka wa 12 naishi Minneapolis. Nafanya kazi kwenye kampuni ya bima, kitengo cha madai, na nimekaa hapo miaka 8. Kwenye ghorofa yetu wanawake weusi tupo wawili tu: mimi na dada mmoja Mmarekani mweusi, mtu mzima, anayekaribia kustaafu.

Anti, nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Naamka saa kumi na moja alfajiri nimechoka kuliko nilivyolala. Nikipanda ngazi moyo unanidunda kama nimekimbizwa. Siku zangu zikija zinakuja nzito, siku 8 au 9. Siku ya pili huwa navaa pedi mbili na suruali nyeusi, na nguo ya kubadili ipo kwenye droo ya meza yangu. Lakini hilo nimeshalizoea, hata mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Wenzangu wananishangaa tu kwa barafu, maana natafuna vipande vya barafu kutwa, kikombe baada ya kikombe, hata Januari theluji ikiwa magotini.

Kilichonifanya niandike ni kazi. Mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa hapa hapa mjini kwetu, kampuni iliunda kamati ya ujumuishi na bosi akaniomba niingie. Nilifurahi, nikaona sasa wanatuona. Tangu hapo kila mfanyakazi mweusi anayeajiriwa analetwa kwangu nimpokee na kumwelekeza. Kila Februari naandaa shughuli za mwezi wa historia ya watu weusi. Picha yangu iko kwenye tovuti ya kampuni. Wateja Wakongo wanaozungumza Kiswahili wakipiga simu, naunganishwa nitafsiri. Yote hayo juu ya mafaili yangu, bila senti ya ziada. Mwaka jana kamati ikavunjwa kwa barua pepe ya mistari mitatu, lakini kazi zake hazikuondoka. Bado zinaletwa mezani kwangu.

Halafu nywele. Nilisuka rasta, bosi akasema mbele ya watu kwamba hakunitambua. Kabla ya ugeni wa wateja wakubwa akaniuliza kama naweza kuja na mwonekano nadhifu zaidi. Tangu siku hiyo navaa wigi, na kichwa kinawasha mpaka usiku.

Kwenye tathmini ya mwaka wameandika kwamba kazi yangu ni nzuri ila sauti yangu ni kali. Wiki hiyo hiyo nikaona tangazo la nafasi kama yangu, cheo kile kile, na mshahara wa kuanzia umezidi ninaolipwa mimi baada ya miaka 8. Nilipojikaza kwenda kwa watu wa rasilimali watu, wakanijibu kwamba kampuni ina wanawake wengi kwenye uongozi, na kwamba meneja wa ghorofa ya pili ni mweusi, kwa hiyo ubaguzi haupo. Wanawake hao wote ni wazungu, Anti, na huyo meneja ni mwanamume.

Mwezi uliopita ilikuwa wiki ya afya ya wafanyakazi. Tulipewa mshumaa wa kunukia, daftari la kuandika shukrani, na yoga saa sita mchana, saa ambayo nakuwa kwenye simu za kutafsiri. Bosi akanishika bega: wewe ni mwanamke jasiri, sijui unawezaje. Nilienda chooni nikalia.

Mume wangu ni dereva wa lori, anakuwa njiani siku nne kwa wiki. Mama nikimgusia anasema kazi hiyo kuna watu wanaililia. Yule dada Mmarekani amenialika chakula cha mchana mara mbili, nikatoa udhuru, kwa sababu wenzetu wa nyumbani walinionya nisijiweke karibu nao sana, nitaonekana mkorofi.

Niache kazi, au ni mimi nisiye na shukrani?

Mama wa wawili, Minneapolis

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na barafu, maana umeipitia haraka kama kitu cha kuchekesha, na mimi ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara ya pili.

Mtu mzima kutafuna barafu kutwa ni dalili inayojulikana ya upungufu wa madini ya chuma mwilini. Kule nyumbani tunaijua kwa sura nyingine, ile hamu ya udongo wanayopata wajawazito. Wewe Minneapolis udongo huuoni, mashine ya barafu iko jikoni ofisini. Ongeza moyo kudunda ukipanda ngazi, uchovu usioisha kwa usingizi, na hedhi ya siku 9 yenye nguo ya akiba kwenye droo. Mimi si daktari na sikuoni uso kwa uso, lakini nakuomba upige simu kliniki kesho asubuhi kabla hujafungua kompyuta. Waambie unataka kupimwa wingi wa damu pamoja na ferritini. Hicho cha pili ukitaje kwa jina, kwa sababu ndicho kinachoonyesha akiba ya chuma. Akiba inaweza kuwa imekauka huku wingi wa damu bado unaonekana sawa kwenye karatasi, ukarudishwa nyumbani na kuambiwa punguza mawazo.

Umesema damu nyingi umeizoea kwa sababu na mama alikuwa hivyo. Mwanangu, huenda mama naye alikuwa mgonjwa, akakosa wa kumwambia. Uliza kuhusu faibroidi, ule uvimbe wa kwenye kizazi. Utafiti wa Marekani uliotumia kipimo cha mawimbi ya sauti, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50 zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi huwa nao, na kwa wazungu ni karibu asilimia 70. Sisi hutupata mapema zaidi, na mara nyingi unakuwa mkubwa au mwingi. Siyo saratani. Kuna vidonge vya kupunguza damu, kuna kitanzi chenye homoni, kuna kuziba mishipa inayolisha uvimbe, kuna kutoa uvimbe peke yake na kukiacha kizazi. Daktari wa kwanza akikurukia na habari ya kutoa kizazi kabla hajakueleza hizo nyingine, tafuta wa pili. Na siku ikitokea pedi inajaa kila saa, saa kadhaa mfululizo, na kizunguzungu juu, usisubiri miadi. Nenda hospitali, kitengo cha dharura.

Ukipewa vidonge vya chuma usivimeze na chai ya maziwa. Najua kwetu asubuhi ni chai, lakini chai inazuia chuma kuingia mwilini. Meza na maji ya limao au juisi ya machungwa, chai ije saa moja au mbili baadaye. Nasema hivi kwa kuungua. Nilipokuwa natunza wazee kwa zamu mbili, wingi wa damu yangu ulishuka hadi 7, nami nilikuwa najiona mvivu. Nikajikemea karibu mwaka mzima. Hilo linaniuma hadi leo kuliko kazi yenyewe.

Sasa swali lako. Usiache kazi mwezi huu. Bima yako ya afya imefungwa kwenye kazi hiyo, na mtu asiye na damu ya kutosha haamui jambo kubwa namna hiyo. Tibiwa kwanza kwa bima yao, halafu utaangalia. Jimbo lako la Minnesota limekuwekea njia. Tangu Januari 1, 2024 kila saa 30 unazofanya kazi zinakupa saa 1 ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, hadi saa 48 kwa mwaka, na za kwenda kliniki zimo humo. Na tangu Januari 1, 2026 jimbo lina likizo ya malipo kwa ugonjwa mkubwa wako mwenyewe, hadi wiki 12, ukihitaji upasuaji. Hulipwi mshahara wote, lakini unalipwa sehemu yake. Hujipendelei ukiitumia. Unakatwa au unachangiwa kwa ajili hiyo.

Kuhusu kazi yenyewe, nimehesabu. Una kazi tatu na mshahara mmoja. Ya kwanza ni ya madai. Ya pili ni ukalimani. Ya tatu ni ile ya kuwa uso mweusi wa kampuni, kupokea, kuandaa, kutabasamu kwenye tovuti, kuwatuliza wageni waone wamefika mahali pazuri. Hii ya tatu ndiyo inayokula zaidi, maana haina saa ya kutoka. Watu wakiimba habari ya kujitunza huwa wanamaanisha kuongeza kitu, mshumaa, mafuta, yoga. Wewe huhitaji kuongezewa. Unahitaji kutuliwa mzigo.

Ukalimani uwe wa kwanza kuutua. Kampuni za ukalimani wa simu zipo tele nchini humo, zinalipwa kwa dakika, na makampuni ya bima yanazitumia kila siku. Kwa hiyo yupo mtu anayepaswa kulipwa kwa kazi unayofanya bure. Tena ni hatari kwako. Mteja akikosa fidia kwa neno moja ulilotafsiri vibaya ukiwa na mafaili mengine mkononi, lawama itatua wapi? Najua utawaonea huruma wale Wakongo, kwamba ukikataa watabaki bila mtu. Hawatabaki. Watapata mkalimani aliyesomea, ambaye haangalii saa.

Andika barua pepe fupi kwa bosi wako. Orodhesha kila ulichofanya nje ya majukumu yako tangu 2020, kwa mwezi na kwa makadirio ya saa. Halafu sema hivi, kwa maneno yako: kamati imevunjwa, kazi zake bado ninazo, naomba tukubaliane ziingizwe kwenye maelezo ya kazi yangu pamoja na malipo yake, au apewe mtu mwingine kuanzia tarehe fulani. Taja tarehe. Usiombe radhi mwanzoni wala mwishoni. Watakwambia sauti yako ni kali hata ukiandika kwa upole wa maziwa, basi bora uwe umesema jambo lenyewe. Kuhusu hiyo tathmini, waombe kwa maandishi wakupe mfano, siku gani, mkutano gani, neno gani. Usikae na shutuma isiyo na tarehe.

Mshahara ulivyouona kwenye tangazo si bahati. Ni sheria ya Minnesota, tangu Januari 1, 2025 kampuni yenye wafanyakazi 30 na zaidi lazima itaje mshahara kwenye tangazo la kazi. Hifadhi nakala ya tangazo hilo nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi. Sheria ya jimbo hilo hilo inakulinda ukimwambia mwenzako unalipwa kiasi gani au ukimuuliza. Kwetu kumuuliza mtu mshahara ni kukosa adabu, na adabu hiyo huku inatugharimu.

Nywele nitazisema kwa ufupi kwa sababu hakuna cha kubishania. Mwaka 2010 msichana mweusi Mobile, Alabama, Chastity Jones, alinyimwa kazi aliyokuwa amekwisha kuipata kwa sababu alikataa kukata dredi zake, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ya shirikisho ikasema kampuni haikuvunja sheria. Ndipo majimbo yakaanza kutunga sheria ya kulinda nywele zetu, California ikatangulia mwaka 2019, na Minnesota yako ikafuata mwaka 2023. Suka rasta zako. Akiuliza tena kuhusu unadhifu, jibu lako ni kwamba hizi ni nadhifu, na ukitoka hapo uandike tarehe, saa na waliokuwepo.

Lile jibu la rasilimali watu lilinikasirisha, nilifunga simu nikatembea kwanza. Si jipya. Wanawake 5 weusi, mmojawapo Emma DeGraffenreid, waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors kule Missouri. Kabla ya 1964 kampuni hiyo haikuwa ikiajiri wanawake weusi kwenye kiwanda kile, na upunguzaji ulipokuja wa mwisho kuingia wakawa wa kwanza kutoka. Mwaka 1976 mahakama ikawaambia wanaweza kushtaki kama weusi au kama wanawake, ila si yote mawili kwa pamoja. Wanawake walikuwa wameajiriwa, ofisini, wazungu. Weusi walikuwa wameajiriwa, kiwandani, wanaume. Wao wakaangukia katikati, pasipo na jina. Kimberlé Crenshaw, mwanasheria mweusi, aliichambua kesi hiyo mwaka 1989 na kulipatia jina pengo hilo. Kwa hiyo ulichojibiwa ofisini kwako kimekwisha kujibiwa miaka mingi, na wewe hukuwa mjinga kuhisi kwamba kuna kitu hakikukaa sawa.

Amri za kupinga mipango ya ujumuishi alizotia saini Rais Trump Januari 2025 zimefanya makampuni mengi yafunge kamati kama yako. Ila Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ipo pale pale. Kubaguliwa kwa rangi au jinsia bado ni kosa, na kukuadhibu kwa sababu umelalamika ni kosa lingine. Kwa Minnesota una mwaka 1 tangu jambo litokee kupeleka malalamiko kwenye idara ya haki za binadamu ya jimbo, na siku 300 kwenye EEOC, tume ya shirikisho ya usawa kazini. Siku zinahesabika tangu siku uliyotendewa, si tangu siku uliyopata nguvu ya kusema. Ongea na mwanasheria wa kazi mapema, wengi mazungumzo ya kwanza hawatozi au wanatoza kidogo.

Limebaki lile la yule dada, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda.

Hao waliokuonya usijiweke karibu naye wamekupoteza. Nimeyasikia maneno hayo miaka 23, kwamba sisi tumekuja kufanya kazi, wao wana malalamiko. Madaktari wawili wa Chicago, Richard David na James Collins, mwaka 1997 walichapisha uchunguzi wa watoto waliozaliwa Illinois. Watoto wa wazungu wazaliwa wa Marekani walikuwa na uzito wa wastani wa gramu 3,446. Watoto wa kina mama weusi waliozaliwa Afrika, yaani sisi, gramu 3,333. Watoto wa kina mama weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3,089. Tazama tulipo, karibu na wazungu kuliko na dada zetu. Kwa hiyo tofauti haikuwa kwenye damu ya mtu mweusi. Baadaye wakafuatilia kizazi kilichofuata, mabinti wa wahamiaji weusi, waliokulia Marekani. Watoto wa mabinti hao walikuwa wadogo kuliko mama zao walivyokuwa walipozaliwa. Mara nyingi mtoto wa mhamiaji anatarajiwa kuwa mkubwa kuliko mzazi wake. Wetu walirudi nyuma.

Mtafiti wa afya Arline Geronimus wa Michigan alikwisha kusema mwaka 1992 kwamba maisha ya kubanwa kila siku huuchakaza mwili wa mwanamke mweusi kabla ya wakati. Dada huyo unayemkwepa amekaa ndani ya hicho kinachochakaza tangu utotoni, na amekaribia kustaafu akiwa mzima. Anajua mambo. Anajua ni meneja yupi huandika na yupi husema tu, nani alilipwa nini, nani aliondoka kwa nini. Na ameshakuona unatafuna barafu. Mimi nina hakika kwamba ndiyo sababu alikualika mara mbili.

Mwaka 1983 mwanaharakati wa afya Byllye Avery aliwakusanya wanawake weusi chuoni Spelman, Atlanta, wazungumze kuhusu afya zao, na vikundi vikaendelea kukutana majumbani, watu wakikaa wanasema ukweli wa miili yao. Sisi tunao mtindo huo tayari. Bila shaka mna mchezo wenu kina mama wa Kitanzania hapo Minneapolis, kila mwezi pesa zinazunguka, pilau, vijembe, arusi ya nani. Mara ijayo, kabla ya kuhesabu pesa, sema tu kwamba umeambiwa upime ferritini, uliza nani mwingine anatoka damu siku 9. Nyamaza usubiri. Nitashangaa kama utakuwa peke yako.

Mama usimbishie kwenye simu. Ni kweli kazi hiyo kuna wanaoililia, na ni yeye aliyekulea mpaka ukaipata. Mwambie unakwenda kupimwa, na umuulize yeye alikuwa anajisikiaje siku zake zikija. Huenda hajawahi kuulizwa.

Mumeo akirudi mpe barua hii asome. Zile siku tatu anazokuwepo, mbili kati ya hizo asubuhi ya watoto iwe yake, uniforomu, chakula, basi la shule, wewe ulale.

Kliniki kesho. Barua pepe kwa bosi isubiri mpaka vipimo vitoke, isizidi wiki mbili. Yule dada mtafute Alhamisi, na safari hii wewe ndiye mnunuzi. Majibu ya damu yakitoka niandikie namba zote mbili.